Hesabu Huwianishwa, Hazisuluhishwi

Orodha ya istilahi za programu huria za hesabu za nyumbani ilinifikia nikiwa mmoja wa walioombwa kuisoma kabla kamati iliyoiandaa haijaipitisha. Kurasa za mwanzo zilinipendeza. Leja imebaki leja, salio ni salio, muamala haukuguswa. Kisha nikafika kwenye kazi ambayo mweka hesabu huifanya kila mwisho wa mwezi, pale anapokaa na daftari lake mkono huu na taarifa ya benki mkono huu, akapitia muamala mmoja mmoja hadi tofauti iwe sifuri. Kazi hiyo wameiita "usuluhishi". Nikapendekeza "uwianishaji". Nilijibiwa kwa sentensi moja tu, kwamba neno hilo halimo katika orodha iliyoidhinishwa, ilhali orodha yenyewe ndiyo iliyokuwa ikisubiri maoni yetu ili iidhinishwe. Kwa kuwa kamati haikuona haja ya kunipa hoja zake, nazitoa zangu hadharani.

Usuluhishi haukubuniwa na kamati hii. Umeshazoeleka katika baadhi ya taarifa za wakaguzi, na mazoea ndiyo ngao ya kwanza ya kila istilahi mbovu. Tulitazame neno lenyewe. Suluhu tumeipata kwa Waarabu, na kwao kama kwetu ni amani inayofuata ugomvi. Tanzania ina Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na jina hilo limekaa mahali pake barabara: mwajiri na mfanyakazi wanagombana, msuluhishi anaketi kati yao, kila upande unalegeza kidogo, wanatia saini. Bila kulegeza hakuna suluhu. Sasa chukua tozo ya shilingi 3,500 ambayo benki imekata na mimi sikuiandika. Je, msuluhishi atukutanishe kwenye 1,750? Tozo ama ilikatwa ama haikukatwa. Ikiwa ilikatwa, naiandika yote. Ikiwa haikukatwa, benki inarekebisha yote. Hakuna anayelegeza hata senti, na anayelegeza amechezea hesabu.

Kosa limetokana na kutafsiri kamusi badala ya kutafsiri kazi. Waingereza hutumia neno moja, reconciliation, lenye asili ya Kilatini, kwa wanandoa waliorudiana na kwa daftari la benki. Mfasiri akashika maana ya kwanza aliyoikuta, akaridhika. Wafaransa hawakufuata njia hiyo. Wao huita kazi hii kusogeza karibu, maana daftari mbili zinaletwa zitazamane. Wajerumani wana kitenzi chenye mzizi wa sauti, kana kwamba daftari hizo zinatakiwa ziimbe kwa sauti moja. Mataifa hayo yaliitazama kazi kwanza ndipo yakatafuta neno ndani ya lugha zao. Sisi tuna mnyambuliko wa vitenzi ambao lugha nyingi za Ulaya hazina, halafu tunapita kwa Waingereza kuazima ugomvi usiokuwepo.

Wapo waliosimama upande wa "upatanisho", na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema shule zetu zote zinafundisha upatanisho wa kisarufi, kwa hiyo neno limeshatoka kwenye ugomvi wa watu. Nakubali limetoka, ila halikufika kwenye hesabu. Katika sarufi, nomino ndiyo inayotawala. Kiti kikisema ki-, kitenzi na kivumishi vinafuata bila kuuliza. Katika hesabu hakuna anayemtawala mwenzake. Taarifa ya benki inaweza kukosea kama daftari langu linavyoweza kukosea, na thamani yote ya kazi hii iko hapo. Isitoshe, kupatana sokoni ni kupatana bei: muuzaji anataja 10,000, mnunuzi anataja 6,000, wanaishia 8,000. Neno lenye harufu ya soko namna hiyo silitaki kwenye daftari la mtu anayetafuta ukweli wa fedha zake.

"Linganisha" ni pungufu tu. Ninaweza kulinganisha vitu viwili, nikaviona tofauti, nikaondoka, kulinganisha kumekamilika. Kazi yetu haikamiliki mpaka tofauti iwe sifuri.

"Oanisha" ningelikubali kama lisingekuwa na kazi nyingine, tena muhimu, ndani ya programu hizihizi. GnuCash, mradi ulioanza mwaka 1997 ukiitwa X-Accountant na kutoa toleo lake la 1.0 mwaka 1998, huweza kupokea faili la miamala kutoka benki na kutafuta kila muamala wa faili unakaa na upi wa daftari, wawiliwawili. Huko ndiko kuoanisha hasa, na kunatangulia. Mtu anaweza kuoanisha miamala yote ya mwezi na bado salio likagoma, kwa sababu mwanzoni mwa mwezi kulikuwa na kosa la zamani. Anayetumia neno moja kwa hatua mbili atamwacha mtumiaji akishangaa programu inamtaka arudie nini.

Nabaki na wianisha, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana uzuri wa neno hili uko chini ya ardhi. Naamini mzizi wake ni kitenzi kilicho miongoni mwa vifupi kuliko vyote tulivyo navyo: kuwa. Kikitiwa kauli ya kutendea kinatoa wia, yaani kuwa kwa mtu, kuwa juu ya mtu. Ndicho tunachokisema kila siku tunapoomba, "niwie radhi". Lakini wia lina maana ya pili ambayo kizazi chetu kimeiachia kamusi. Kumwia mtu ni kumdai. Nakuwia shilingi mia, yaani nakudai; nawiwa, yaani nadaiwa. Mwia ni mdai na mwiwa ni mdaiwa. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili watakumbuka kukutana na wiwa katika Waraka kwa Warumi, sura ya 13. Deni ni kitu kilicho juu ya mtu, na wahenga walioona hivyo hawakuhitaji kuazima neno kwa mtu yeyote.

Tia kiungo cha kutendana, upate wiana: kudaiana, kila mmoja akiwa na cha mwenzake. Kutoka hapo, kwa hatua fupi, nadhani ndipo ikaja maana ya kuwa na kiasi kilicho sawa, kisha uwiano wa wanahisabati. Tia kauli ya kusababisha, upate wianisha.

Sasa rudi kwenye daftari na taarifa ya benki. Fedha niliyoiweka benki ni mali yangu, lakini kwenye vitabu vya benki ni deni: benki inanidai nini? Haidai kitu, mimi ndiye ninayeidai. Mimi ni mwia na benki ni mwiwa. Ndiyo maana kiasi ninachokiandika upande wa kushoto wa daftari langu, benki hukiandika upande wa kulia wa vitabu vyake, na wanafunzi wa uhasibu huchanganyikiwa kila mwaka. Nikichukua zaidi ya salio kwa ruhusa ya benki, mambo yanageuka: benki inakuwa mwia, mimi mwiwa. Vitabu viwili vinasimulia deni moja kutoka pande mbili, na deni hilo laweza kuelekea huku au huku. Mpangilio huo wa kushoto na kulia ni wa mfumo wa maingizo mawili ambao Luca Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494, na mfumo huo ndio uti wa mgongo wa programu kama GnuCash, KMyMoney, Ledger na hledger. Kuhakikisha kwamba vitabu vyote viwili vinakubaliana nani anamwia nani na kwa kiasi gani, kuna jina gani tena zaidi ya kuwianisha? Kiungo -an- kimebeba pande zote mbili. Usuluhishi haukibebi.

Pingamizi nililolisikia baadaye, kwa mtu wa tatu, ni kwamba uwiano shuleni ni 2 kwa 3, hivyo mtumiaji atadhani anatakiwa kugawanya. Sijawahi kumwona mtu wa namna hiyo. Aliyefungua akaunti yake, mbele yake pana tarehe ya taarifa na salio la mwisho, hawezi kudhani anaombwa kukokotoa 2 kwa 3. Na wanaotoa pingamizi hilo hawakulitoa pale neno "akaunti" lilipopewa maana tatu katika orodha ileile.

Matumizi yenyewe hayana utata: ingia kwenye akaunti, bonyeza Wianisha, andika tarehe na salio la mwisho kutoka taarifa ya benki au ya M-Pesa, weka alama kwenye miamala inayoonekana pande zote mbili, na tofauti ikisoma 0.00 bonyeza Maliza. Safu ya hali, ambayo GnuCash huijaza n, c na y, ipewe h kwa muamala ambao haujapita benki, p kwa uliopita, na w kwa uliowianishwa. Wenye kukaa kwenye dawati la uhasibu mchana kutwa hutumia neno la Kiingereza lililotamkwa Kiswahili, na mimi ningechagua hilo mara mia kuliko usuluhishi, kwa kuwa angalau halidanganyi.

GnuCash ni programu huria chini ya leseni ya GPL, na maneno yake yote yamo katika mafaili ya tafsiri ambayo yeyote anaweza kuyafungua kwa kihariri cha kawaida. Katika nakala yangu nimeshaandika Wianisha. Orodha ya kamati haijachapishwa bado. Ninachokiomba ni jibu kuhusu kiungo -an-, kwa maandishi, kabla haijakwenda kwa mchapaji.