Ngoma ya Pipa Katika Kisiwa cha Trinidad
Mwaka 1884 Waingereza waliotawala Trinidad walipiga marufuku ngoma za wazawa wa watumwa wa Kiafrika, kwa kuogopa ghasia za kanivali. Wanyonge hawakunyamaza, walikata mianzi wakaigonga ardhini. Katika miaka ya 1930 vijana maskini wa Port of Spain walishika mikebe, na baadaye mapipa ya mafuta. Kitako cha pipa hupigwa nyundo hata kibonyee kama bakuli, huchomwa moto, kisha kila sehemu hugongwa mpaka itoe sauti yake. Mafundi hao waliitwa wahuni! Mwaka 1951 kundi lao la TASPO lilishangiliwa London. Mwaka 1992 Serikali ya taifa huru ilitangaza pipa kuwa ala ya taifa.