Kazi za kiutawala za mwamuzi wa mpira wa wavu

Kazi za kiutawala za mwamuzi wa mpira wa wavu ni ukaguzi na uwekaji kumbukumbu unaosimamiwa na mwamuzi wa kwanza siku ya mchezo. Hufuata kanuni za FIVB, shirikisho la kimataifa la mchezo huo lililoundwa mwaka 1947. Nchini Tanzania mchezo husimamiwa na shirikisho la taifa. Kabla ya mechi hukaguliwa uwanja, mipira na wavu, ambao hupimwa katikati: meta 2.43 kwa wanaume, 2.24 kwa wanawake. Ncha zake zilingane, zisizidi kimo hicho kwa zaidi ya sentimeta 2. Kwenye viwanja vya udongo nguzo huweza kuinama, hivyo kipimo hiki ni muhimu. Hurushwa shilingi, kisha manahodha na makocha husaini fomu ya matokeo. Mechi ikiisha, mwamuzi huikagua fomu hiyo na kuisaini.