Manowari iliyovuliwa mizinga ili ipime vilindi vya bahari

MELI ya kivita huundwa ili ipigane, lakini ipo manowari iliyojipatia sifa kubwa zaidi baada ya kuvuliwa silaha zake. Hiyo ni Challenger ya Jeshi la Wanamaji la Uingereza, iliyoizunguka dunia kati ya mwaka 1872 na 1876 ikichunguza vilindi vya bahari.

Uteuzi wake haukuwa wa kubahatisha. Katika miaka ya 1840, mwanasayansi Edward Forbes alitoa hoja kwamba chini ya kina cha mita 550 hivi hakuna kiumbe awezaye kuishi. Kuihakiki hoja hiyo kulihitaji meli ya kwenda mbali na pwani, na jeshi la wanamaji lilikuwa nazo.

Mwaka 1868 wanasayansi Charles Wyville Thomson na William Carpenter walipewa Lightning, meli kuukuu ya mvuke iliyokuwa ikivuja. Hali ya hewa nayo ikachafuka. Katika majuma sita, siku zilizofaa kwa kazi katika bahari kuu zilikuwa kama kumi tu. Hata hivyo, walipata viumbe hai chini ya mpaka wa Forbes. Mwaka 1869 ilitumika Porcupine, iliyokuwa madhubuti zaidi, na viumbe wakavuliwa katika kina cha zaidi ya mita 4,400.

Uzoefu huo ulidhihirisha sifa tatu za chombo kinachofaa.

Kwanza, kiweze kutulia mahali pamoja. Meli ikisukumwa na upepo huku kamba ya kupimia ikiwa maelfu ya mita chini, kamba hulala upande na kipimo hupotoka. Challenger ilisafiri kwa matanga ili kuokoa makaa ya mawe, na wakati wa kupima ikatumia injini ya mvuke kujishikilia.

Pili, kiwe na nafasi. Challenger ilikuwa na urefu wa mita 61 hivi. Mizinga yake iliondolewa, ikabakizwa miwili tu, na pale ilipokuwa pakajengwa maabara na ghala za sampuli.

Tatu, kistahimili safari ndefu. Meli hiyo ilikwenda takriban kilomita 127,000. Lakini ustahimilivu wa mbao si ule wa binadamu. Kushusha na kuvuta wavu kuliweza kumaliza siku nzima, na mwaka 1873 baharia kijana aliuawa baada ya kapi la kamba kukatika. Kati ya watu wapatao 240 walioondoka, waliobaki melini mwisho wa safari walikuwa 144. Wengine walifariki, waliugua, walihamishwa au walitoroka bandarini.

Matunda yake yalikuwa makubwa. Vipimo vilichukuliwa katika vituo 362, na spishi mpya zipatazo 4,700 zikatambuliwa. Machi 1875, magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, kamba iligusa chini kwenye mita 8,184. Ripoti zake, zilizofikia majuzuu 50, zilikamilika mwaka 1895.

Leo meli za kazi hiyo husanifiwa tangu mwanzo kwa ajili ya sayansi. Neil Armstrong, kwa mfano, ni mali ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, lakini huendeshwa na taasisi ya utafiti ya Woods Hole. Haina mizinga ya kuondolewa.