Mikopo 11 iliyopotelea katikati: historia ya kosa la zamani

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na sababu ni kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa nikitafuta dawa yake niligundua kwamba kosa hilohilo lilielezwa kinaganaga mwaka 1995, kabla sijazaliwa. Chuoni nilisoma digrii nzima ya kompyuta na sikuambiwa.

Kisa ni hiki. Januari, sacco moja hapa Nairobi ilituomba tubadilishe hatua za kutoa mikopo. Awali ombi likifika, mambo mawili yalikwenda sambamba: wadhamini wanatia sahihi, na karani anakagua mshahara. Sasa walitaka mshahara ukaguliwe kwanza, ndipo wadhamini waitwe. Kazi ya mchana mmoja tu. Nikabadilisha, nikajaribu maombi mapya, yote yakapita, nikaenda zangu nyumbani.

Kumbe kulikuwa na maombi 11 ambayo wadhamini walikwisha kutia sahihi lakini mshahara haujakaguliwa. Katika mpangilio mpya hali kama hiyo haipo! Programu haikulalamika wala kuonyesha kosa lolote, ila maombi hayo hayakutokea tena kwenye skrini ya karani yeyote. Mama mmoja alingoja karo siku tisa huku shule zimefunguliwa na mtoto yuko nyumbani.

Sasa hebu turudi nyuma. Mwaka 1962 Mjerumani Carl Adam Petri alitoa tasnifu iliyoleta michoro tunayoiita leo neti za Petri: miduara ni hali, visanduku ni vitendo, na tokeni zinahama kutoka hali moja hadi nyingine. Mwaka 1977 Michael Zisman, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alitumia neti hizo kueleza taratibu za ofisi ili kompyuta iziendeshe. Miaka hiyohiyo Clarence "Skip" Ellis na Gary Nutt walikuwa Xerox PARC wakijenga Officetalk, ambamo karani alijaza fomu kwenye skrini na kuituma kwa mwenzake. (Huyu Ellis ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika sayansi ya kompyuta, mwaka 1969. Hilo nalo sikuambiwa.)

Matumaini yalikuwa makubwa: chora utaratibu mara moja, mashine itaufuata. Lakini mwaka 1983 Lucy Suchman, mwanaanthropolojia aliyekuwa hapohapo Xerox PARC, alichapisha utafiti kuhusu makarani wa malipo. Aliwatazama wakihangaika na ankara iliyochelewa na rekodi ambazo hazikukamilika. Alichokiona ni kwamba utaratibu ulioandikwa haukuwa reli ya kuwapeleka. Walipapasa, wakaulizana, wakaunganisha vipande, na mwishowe faili ikaonekana kana kwamba hatua zote zilifuatwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo waundaji wengi wa programu tunapojikwaa, kwani tunaiona faili nadhifu tukadhani ndiyo kazi.

Ellis hakuliacha jambo hilo. Mwaka 1995, akiwa Chuo Kikuu cha Colorado, yeye, Karim Keddara na Grzegorz Rozenberg waliandika kuhusu kubadilisha utaratibu wakati kazi zinaendelea ndani yake. Walionyesha kwamba mchoro wa zamani unaweza kuwa sahihi, mchoro mpya ukawa sahihi, na kazi iliyo katikati ikaharibika, hasa pale hatua zilizokwenda sambamba zinapopangwa kwa foleni. Nilisoma hapo nikafunika laptopu. Ni maombi yangu 11!

Majibu yalifuata upesi. Mwaka 1996 Fabio Casati na wenzake wa Politecnico di Milano walipendekeza kipimo: kazi ihamishwe tu ikiwa hatua ilizokwisha kupitia zingewezekana pia chini ya utaratibu mpya. Mwaka 1998 Manfred Reichert na Peter Dadam wa Ulm, Ujerumani, walieleza ADEPTflex, namna ya kubadilisha kazi moja inayoendelea bila kuivunja. BPMN, lugha ya michoro tunayotumia wengi, ilikuja mwaka 2004, na toleo la 2.0 mwaka 2011. Inachora vizuri, lakini haikuambii ufanyeje na walio njiani. Injini kama Camunda huacha kazi ya zamani imalizike kwa toleo lake, isipokuwa ukiamua kuihamisha.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Kila ombi sasa limeandikwa nambari ya toleo lililolianzisha, na kabla ya kuhamisha lolote kipimo cha Milano hupita kwanza.

Mnauliza tuliyapataje yale 11? Karani wa dirishani alikuwa na daftari la kurasa 96, ameandika kila jina kwa kalamu. Meneja alitaka daftari liondolewe tulipofunga mfumo. Nimemwomba aliache.