Mavazi ya Vita ya Askari wa Miguu wa Ugiriki ya Kale

Wengi wetu tumezoea kuwaona askari wa miguu wa Ugiriki ya kale wakichorwa vitabuni wamevaa shaba kutoka utosini hadi miguuni, wote kwa sare moja. Suala tunalolitazama hapa ni hili: je, picha hiyo ina dalili?

Kwanza yafaa ifahamike kwamba askari huyo, aliyeitwa hoplita, kwa kawaida alikuwa raia aliyejinunulia silaha zake mwenyewe. Maandishi ya jiwe ya Athens, ya mwishoni mwa karne ya 6 kabla ya Miladi, yanawataka wakazi wa kisiwa cha Salamis wajipatie silaha za thamani ya drakma 30. Kwa hiyo kila mtu alivaa kwa kadiri ya uwezo wake.

Ama dirii, zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ni ya shaba, na dalili yake ni ile iliyofukuliwa kaburini huko Argos mwaka 1953, pamoja na chapeo yake, nazo ni za mwishoni mwa karne ya 8 kabla ya Miladi. Ya pili ni ya kitani, na wako wanaosema ya ngozi. Hii imechorwa mara nyingi juu ya vyombo vya udongo. Basi wingi wa shaba katika makumbusho si hoja kwamba wote walivaa shaba, kwani shaba hudumu, ilhali kitani na ngozi huoza.

Ama chapeo, ile ya Kikorintho ilifunika uso na masikio. Ilikinga vyema, lakini ilimpunguzia mvaaji kuona na kusikia. Katika karne ya 5 wengi waliiacha, wakavaa chapeo nyepesi zilizoacha uso wazi.

Inabaki ngao, nayo ndiyo asili ya jambo lote. Ilikuwa ya mbao, ya mviringo, yenye upana wa sentimita 90 hivi na uzito wa kilo 6 hadi 8. Ilivaliwa mkono wa kushoto, hivyo ikamsitiri pia aliyesimama kushoto. Thucydides, akieleza vita vya Mantinea vya mwaka 418 kabla ya Miladi, anataja kwamba majeshi huvutika upande wa kulia, kwa kuwa kila mtu huutafutia hifadhi ubavu wake ulio wazi katika ngao ya jirani yake. Naye Plutarch anasimulia kwamba Demaratus, mfalme wa Sparta, aliulizwa kwa nini anayetupa ngao hufedheheshwa, na anayetupa chapeo au dirii hasemwi. Akajibu kuwa hivyo viwili mtu huvivaa kwa ajili ya nafsi yake, na ngao ni kwa ajili ya safu nzima.

Kutokana na haya tunaona kwamba sare ile ya shaba haina msingi. Walitofautiana katika dirii na chapeo kwa mali na kwa zama, na kilichowakusanya ni ngao, ambayo mtu aliinunua kwa fedha yake na mwenziwe akawa na haki ndani yake.