Chumvi Ikishaingia Majini

Wiki hii nataka tuzungumze habari ya chumvi. Si ile ya mezani, maana hiyo madaktari wameisema vya kutosha. Nazungumzia chumvi inayomwagwa barabarani na malori huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini wakati wa baridi kali, na chumvi nyingine iliyo chini ya miguu yetu hapa Dar es Salaam. Najua utaniuliza, theluji iko wapi Kibaha? Vuta subira.

Wazee wa Kibaha wanaukumbuka mradi wa Wanordiki. Mwaka 1963 nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianza kujenga pale, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, shule ya sekondari, chuo cha wakulima na kituo cha afya. Januari 1970 walikabidhi kila kitu kwa Serikali yetu, na ndipo likazaliwa Shirika la Elimu Kibaha tunalolijua. Wazungu wale walitoka katika nchi ambazo barabara huganda barafu, gari likateleza kama limekanyaga sabuni. Na miaka hiyohiyo waliyokuwa wakipanda miti Kibaha, kwao ulikuwa umeshamiri mtindo wa kuimwagia barafu chumvi.

Sababu yake ni rahisi. Maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji baridi, kwa hiyo ukinyunyiza chumvi juu ya barafu inayeyuka. Kule Marekani jimbo la New Hampshire lilianza mapema, katika majira ya baridi ya 1941 na 1942. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wakanunua magari kwa wingi, wakataka lami ionekane nyeusi hata siku ya theluji, na wenye mamlaka wakawatii. Leo Wamarekani humwaga barabarani hata zaidi ya tani milioni 20 kwa mwaka. Hawakuwa wajinga. Chumvi ni rahisi kwa bei, na imeokoa maisha ya wasafiri wengi. Hilo lazima tuliseme kwa haki.

Lakini barafu ikishayeyuka, chumvi inakwenda wapi? Inakwenda mtaroni, kutoka mtaroni inakwenda mtoni, na nyingine inazama ardhini hadi kwenye visima. Haiozi, hailiwi na wadudu, wala huwezi kuichuja kwa mchanga au kitambaa. Kanada walifanya uchunguzi, na mwaka 2001 wakatamka kwamba chumvi ya barabarani ni sumu kwa mazingira kwa mujibu wa sheria yao. Mwaka 2004 wakatoa mwongozo wa kuipunguza. Mbinu zenyewe hazina uchawi. Theluji inakwanguliwa kwanza, ndipo chumvi inafuata. Chumvi inalowanishwa ili isirukie porini. Wanapima joto la lami yenyewe, si la hewa, kwa sababu baridi ikizidi sana chumvi ya kawaida haifui dafu, na kuimwaga ni kuitupa. Lori linawekewa kipimo ili dereva asikadirie kwa jicho. Na karibu na vyanzo vya maji hutumia mchanga, au hupunguza mwendo wa magari.

Tena chumvi inakula chuma. Aprili 2014 mji wa Flint, huko Michigan, uliacha maji ya ziwa ukaanza kutumia maji ya Mto Flint, ambayo yalikuwa na kloraidi nyingi zaidi, na wahusika hawakuweka dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kiliyakataa maji hayo kwa kuwa yalikuwa yakitia kutu vipuri. Wananchi waliendelea kuyanywa, pamoja na risasi iliyokuwa ikitoka kwenye mabomba, hadi Oktoba 2015. Injini zilisikilizwa mwaka mzima kabla ya watoto.

Sasa turudi nyumbani.

Watu wa mwambao wetu hawakuwahi kuwa na shida ya chumvi. Shida yao ilikuwa maji baridi. Washomvi wa Bagamoyo wanakumbukwa kwa kukausha chumvi na kuiuza bara. Maji ya kunywa yalikuja kutoka upande wa pili, yaani kutoka Uluguru, kwa Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa Mlandizi, Kibaha, mwaka 1959, na bomba lake likafuata barabara ya Morogoro hadi Kimara. Ruvu Chini ilifuata mwaka 1976 kule Bagamoyo. Mitambo yote miwili ilipanuliwa katika muongo wa 2010, Ruvu Juu ikafikia uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na Ruvu Chini lita milioni 270. Kwa hiyo mtu wa Kariakoo anapofungua bomba anakunywa maji ya Kibaha na Bagamoyo, hata kama hajawahi kushuka Maili Moja.

Kisarawe walikuwa na lao. Mji ule uko juu ya vilima vya Pugu. Usiku unaziona taa za jiji zinavyometameta. Ina misitu, ina Shule ya Minaki iliyosomesha vigogo wengi wa nchi hii. Maji ya bomba haikuwa nayo. Nilipokuwa nikienda huko na kinasa sauti changu, kitu cha kwanza kukiona asubuhi kilikuwa madumu ya njano yaliyopangwa kwenye foleni. Bomba kubwa lilipita Kibamba, chini yao, likielekea mjini. Ilikuwa mpaka Juni 2020 ndipo Rais John Magufuli alipozindua mradi wa kuyapandisha maji kutoka Kibamba hadi Kisarawe. Hesabu mwenyewe miaka kutoka 1959.

Na sisi wa mjini? Bomba lilipokauka tulichimba. Ukame wa 1997 ulipoikumba Dar es Salaam, Serikali ilichimba visima vya dharura, na watu binafsi wakafuata. Tangu hapo kila mwenye uwezo, mwenye gesti, mwenye kiwanda, ana kisima chake na simtanki yake. Chini ya jiji maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Wataalamu wana kanuni yao: kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kiasi cha mita 40 chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba ukiyavuta yale ya juu yakashuka mita moja, chumvi nayo, polepole, inapanda kujaza nafasi. Watafiti wa Tanzania na Ubelgiji wamelichunguza jambo hili kwenye visima vya Dar es Salaam, hasa vya karibu na ufuko, na bahari kweli inaingia.

Mama wa nyumbani hahitaji mtafiti. Sabuni haitoi povu, chai ina ladha ya ajabu, maji ya kisima yanabaki kuwa ya kuogea na kusafishia choo, na ya kunywa yananunuliwa kwa dumu au kwa boza. Wapo pia mafundi wanaochanganyia zege maji hayohayo. Ndani ya zege mna nondo, na chumvi inaila nondo kama inavyokula madaraja ya Kanada.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, namba 11 ya mwaka 2009, inataka kibali cha kutumia maji ya ardhini, na Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu ndiyo yenye dhamana hiyo kwetu. Pitia mtaani kwako uulize wenye visima ni wangapi wanacho. Nathubutu kusema utawachekesha.

Oktoba 2022 Ruvu ilipungua, jiji likaingia kwenye mgawo, na mara moja magari ya kuchimba visima yakaanza kunguruma vichochoroni. Mwezi uliofuata ulitiwa saini mkataba wa bwawa la Kidunda, Morogoro, la kuhifadhi lita bilioni 190 ili Ruvu isikauke kiangazi. Ujenzi ulianza 2023, baada ya miongo mingi ya kuzungumzwa tu. Bwawa hilo likijaa, mtambo wa Mlandizi utakuwa na maji mwaka mzima. Visima tulivyochimba tukilisubiri vitaendelea kuvuta, isipokuwa mtu aje avihesabu, avipime chumvi, na vile vilivyo karibu na bahari avifunge.