Opera au mseto?

Mwaka 2010 Jackie Evancho, binti wa miaka 10 kutoka Pittsburgh, Marekani, aliimba wimbo wa mtunzi wa opera Puccini katika shindano la vipaji la televisheni, akamaliza wa pili. Tangu hapo wengi humwita “mwimbaji wa opera”. Hapana. Opera ni mchezo wa jukwaani unaosimuliwa kwa kuimba, na kwa desturi sauti hushindana na okestra bila maikrofoni. Evancho huimba kwa maikrofoni, na mwaka 2012 alitoa albamu nzima ya nyimbo za filamu. Kwa mchanganyiko huo wa klasiki na nyimbo nyingine, Kiswahili kina neno: mseto. Mchele na choroko huiva chungu kimoja. Punje unaziona, lakini kuzitenganisha, thubutu! Basi tumwite mwimbaji wa klasiki mseto.